Nozeli Zilizoniishia Ukweni

Nozeli ya kwanza kunifia Newala ilikufa kabla ya chai ya saa nne, nami nilidhani naota. Niliichomoa kwenye tochi ya mashine, nikaigeuza mwangani, nikaona tundu lake ambalo jana yake lilikuwa duara dogo safi limechanika upande mmoja na kuwa jeusi. Nikaitoa na elektrodi inayokaa nyuma yake. Kile kishina cha katikati, ndicho kinachobeba moto, kilikuwa kimeliwa mpaka kimebaki shimo. Masasi seti kama ile ningeitumia mpaka niichoke, na bado ningemwazima jirani. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikawa najiuliza maswali kwa sauti, na mama mmoja aliyekuwa akipita na dumu la maji kichwani akanipa pole, akidhani nimepigiwa simu ya msiba.

Kwa asiyeijua kazi hii, mashine ya plazma inakata chuma kwa umeme na upepo. Kompresa inasukuma upepo, mashine inatia umeme, na vyote viwili vinakutana kwenye ncha ya tochi na kutokea kwenye kitundu cha nozeli vikiwa moto unaopita kwenye chuma kama kisu kwenye sabuni. Nozeli na elektrodi ni vitu vya kuisha, vimeumbwa viishe, kama soli za viatu. Lakini kuna mtu anayevaa viatu mwaka mzima na kuna anayevimaliza kwa safari moja ya sokoni, na fundi wa plazma anajulikana yuko kundi gani.

Mimi nilijiona niko kundi la kwanza, na nilikuwa na sababu. Nilifunzwa Masasi, kwenye karakana iliyo kando ya njia ya kwenda Lisekese, na fundi mmoja mwenye mdomo mchafu na mkono safi. Alikuwa haongei, anafoka. Ukigusisha nozeli kwenye chuma anafoka, "Unaibusu? Umeioa?" Ukianza kutoboa katikati ya pleti badala ya kuingilia ukingoni anafoka. Ukiwasha tochi hewani ili wapita njia waone cheche, siku hiyo chakula cha mchana utakisikia harufu tu. Ukimaliza kukata ukazima upepo hapo hapo, kabla haujaipoza ncha, atakuuliza kama wewe ukitoka juani hupewi maji. Na kila jioni kabla ya kufunga, mmoja wetu alilazimika kuinama chini ya kompresa na kufungua koki ya tumboni ili maji yaliyojikusanya yatoke. Kazi hiyo tuliiita kuikojoza kompresa. Upepo una maji ndani yake, alisema, hata kiangazi, na maji yakishafika kwenye nozeli hakuna ufundi utakaokuokoa.

Kisha nikaoa Newala.

Kwetu huku kusini mwanamume ndiye anayemfuata mke. Unaoa, unapewa chumba au kiwanja kwenye uwanja wa mama yake, na watoto mtakaowapata ni wa upande wao, na mjomba wao ana sauti kuliko wewe uliyewazaa. Siku hizi vijana wengi wanakwepa, wanakimbilia mjini kupanga. Mimi sikukwepa. Nilimpenda mke wangu, na mke wangu alimpenda mama yake, basi mambo yakawa hayo. Nikapakia mashine zangu kwenye gari la kukodi tukapanda mlima.

Na ukifika ukweni kuna heshima yake. Mimi na mama mkwe hatukuwa tukitazamana. Asubuhi nilimwamkia kwa mbali, nimechuchumaa, macho yangu ardhini, naye akaitikia marahaba akiwa amegeukia upande mwingine. Akiwa njiani anakuja, mimi napinda. Nikiwa uani, yeye anazungukia nyuma ya jiko. Likiwepo neno, linapita kwa mke wangu. Hapakuwa na ugomvi wowote katika hilo, wala hatukuona tabu, na nilijua ananipenda kwa namna chakula changu kilivyojazwa. Akipika mboga ya majani ya kunde na karanga, bakuli langu lilikuwa halifunikiki.

Sasa niseme habari ya maji, maana bila hiyo hakuna hadithi. Mji wa Newala umekaa juu kabisa ukingoni, bonde la Ruvuma unaliona lote kule chini, na maji yako huko huko chini. Juu kwetu mtu anaoga kwa kikombe na anajua kikombe hicho kimetoka wapi. Kwenye uwanja wa mama mkwe kulikuwa na kisima cha kuvunia mvua, kimechimbwa na kusakafiwa, mabati ya nyumba yote yanakimwagia masika nzima. Juu ya mdomo wa kisima hicho marehemu baba mkwe alijenga chumba cha matofali chenye mlango wa chuma na kufuli. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga ya mama mkwe, na hata binti yake alipotaka maji alichotewa, hakuchota.

Karakana yangu ilikuwa banda la bati lisilo na kuta, upande wa pili wa chumba hicho. Mashine ya plazma niliweza kuibeba jioni nikalala nayo, lakini kompresa ni dude zito, na wezi wa vyuma hawana dini. Nikiwa nahangaika hivyo, mke wangu akaja na ujumbe: mama amesema kompresa ikalale kwenye chumba cha kisima.

Nilipigwa na butwaa. Majirani waliposikia walinizidi. Kwenye chumba kile hata shemeji yangu, mtoto wa kiume wa nyumba ile, hakuwa akiingia ovyo, leo chuma cha mkwe kutoka Masasi kinakaribishwa kulala na maji! Ningeanzaje kukataa? Siku ya kuiingiza, mama mkwe aliondoka makusudi akaenda shamba la mikorosho ili tusikutane. Nikatoboa ukuta kitundu cha kupitishia mpira wa upepo, nikavuta waya ili swichi ikae kwangu nje, na kompresa ikawa inawashwa na kuzimwa bila mtu kuigusa.

Nikabaki na jambo moja tu, lile la kuikojoza. Nilijua sitaingia tena mle ndani. Na kumtuma mke wangu akamwambie mama yake kwamba mkwe wako anaomba jioni umkojozee kompresa, jamani, ningelisema kwa mdomo gani? Nikapata akili. Nikailegeza ile koki ya tumboni kidogo sana, ili itokwe na maji yenyewe, tone kwa tone, bila kuhitaji mtu. Nikatoka nikijisifu kwa ujanja wangu, na kwa muda mrefu kila kitu kikaenda vizuri. Tukapata binti. Nikakata magrili, mageti, majiko ya kubangulia korosho, na nozeli zangu zikaishi maisha marefu kiasi kwamba mafundi wenzangu walikuja kuniuliza siri.

Ndipo zikaanza kufa.

Baada ya ile ya kwanza nikafunga nyingine, ikafa kesho yake. Nikafunga ya tatu, nikaipiga picha ikiwa mpya ili nijihakikishie kwamba sina wazimu, nayo ikafa jioni. Nilikata nimepiga goti, mkono umeegemezwa kwenye rula ya chuma, nozeli haigusi kitu, naingilia ukingoni kama bibi harusi, lakini ghafla mwanga unayumba, tochi inakohoa, na mkato unatoka na meno kama msumeno. Mara ya kwanza unacheka. Ikifika wiki ya pili hucheki tena, unaanza kuiogopa mashine yako mwenyewe.

Nilidhani nimeuziwa nozeli za bandia. Nikaagiza Masasi, duka lile lile la zamani, zikaja kwa basi zimefungwa vizuri, na zikafa vile vile. Nikasema umeme wa huku juu mdogo. Nikatafuta kifaa cha kuupandisha, hakikusaidia. Jirani mmoja akaninong'oneza kwamba mafundi wenye wivu wapo na waganga wapo, nikamfukuza, kisha nikalala macho wazi nikifikiria aliyoyasema. Mwisho nikampigia simu fundi wangu.

"Maji," akasema hata kabla sijamaliza kueleza.

"Fundi, maji siyo. Koki niliiacha imelegea."

"Umeiona?"

"Niliilegeza kwa mkono wangu."

"Sijakuuliza habari ya mkono wako. Umeiona?"

Nikamweleza kwamba kompresa iko kwenye chumba cha maji cha mama mkwe. Yeye ni mtu wa Lupaso, huku huku kusini, naye ameoa, anajua. "Hapo sina la kusema, mwanangu," akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakufoka.

Nikamwomba mke wangu aulize. Nilimweleza vizuri, koki, tumboni, matone. Lakini neno likisafiri kwenda kwa mkwe linavuliwa viatu kwanza. Mke wangu hakutaka ionekane kwamba mumewe anamshuku mama yake, basi akauliza kwa adabu kama chuma cha Baba Mtoto kiko salama na hakichafui chumba. Jibu likarudi limejaa upendo: mwambie asiwe na wasiwasi, kiko salama kabisa, sakafu kavu, hakuna hata tone.

Nikafurahi! Kavu! Nilijiambia kwamba kama sakafu ni kavu, basi na tumboni hamna kitu, fundi wangu amezeeka. Hadi leo nikikumbuka furaha ile natamani kujipiga kofi.

Kipindi hicho nilikuwa na kazi ya mageti ya ghala la korosho, na msimu ulikuwa unakaribia. Wenye ghala walikuja mara ya kwanza wakakuta mageti hayajakatwa, wakaja mara ya pili wakakuta yamekatwa vibaya, mara ya tatu wakaja kuchukua vyuma vyao. Walivipakia mbele ya macho yangu na mbele ya ukweni mzima. Nyumbani tukaanza kula mboga ile ile. Mke wangu akawa haniulizi kitu jioni, na kutoulizwa kulinitisha kuliko maswali.

Shemeji yangu akaja siku moja asubuhi, akakaa kwenye benchi la karakana. Ni mtu wa utani, na alianza kwa utani. "Shemeji, wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umekuja, mbona wenyeji ndio tunaugua?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, nikajua yamefika.

"Wakubwa wameongea," akasema. "Wanaona urudi Masasi kwanza, ukajipange. Huku pamekukataa."

"Mimi na mke wangu?"

Akaokota kipande cha chuma chini, akakifuta vumbi. "Dada na mtoto watabaki kwa mama. Ukishasimama vizuri, tutaongea."

Niliisikia sentensi ile masikioni lakini haikuingia. Nilibaki nikimtazama mdomo, nikingoja aseme anatania. Kwetu kila mtu anajua maana ya mwanamume kurudi kwao kujipanga huku mke akibaki kwa mama yake. Hiyo ndiyo talaka ya watu wenye adabu. Hakuna anayepiga kelele, hakuna anayechana kitu, ila mwaka unapita, kisha mwingine, na mtoto anakua akimwita mjomba wake kwa kila jambo. Binti yangu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia.

"Nani hasa kasema?" nikauliza.

"Wakubwa," akarudia, akaondoka.

Siku ya kufungasha ilikuwa ya ukungu. Msimu wa baridi ukungu unapanda kutoka bondeni asubuhi na kukaa juu ya mji mpaka jua likomae, na unatembea ndani yake nguo zinalowa, huku ndoo zote ni tupu. Nilikunja nyaya, nikafunga mashine kwenye gunia. Mke wangu alikuwa amekaa kizingitini na mtoto mapajani, anatazama pembeni. Hakulia. Kulia kwake ningekuweza. Nikaja kwenye mpira wa upepo unaotoka ukutani, na kwa hasira, badala ya kuuacha upepo uishe taratibu, nikaufyatua kwenye mashine kwa nguvu.

Ulinitemea maji usoni.

Haukuwa unyevu, wala matone. Yalikuwa maji ya kutu na mafuta, mekundu, yanabubujika, yakanilowesha shati na kuingia mdomoni, na mpira ukawa unajipiga chini ukirusha maji mengine miguuni. Nikapiga yowe. Nilisimama nimefungua mikono, nadondokwa, siamini. Mji ambao mtu anasafiri na dumu, na mimi nimeoga maji yaliyotoka hewani!

Mke wangu akaja mbio. Mtoto kamweka chini, na mkononi ana beseni. Naapa, alikuja na beseni. Mtu wa Newala akisikia maji yanamwagika haulizi kwanza ni maji gani. Aliinama akayakinga, akayaona yalivyo mekundu, akaniangalia, na sote wawili tukaelewa kwa pamoja.

Aliufuata ufunguo. Sijui alimwambia nini mama yake. Nilimsikia akifungua kufuli, kisha nikasikia mlio mrefu wa maji na upepo vikitoka kwa nguvu, mlio niliokuwa nikiusikia kila jioni Masasi, lakini huu haukuisha. Ulitoka, ukatoka. Alipokuja alikuwa ameshika kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, umekatwa mwembamba, una fundo.

"Koki ilikuwa imekazwa," akasema. "Juu yake imefungwa hii."

"Nani kaifunga?"

Alikuwa akilitazama lile fundo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hivi ndivyo mama anavyofunga magunia ya korosho."

Nikakaa pale pale kwenye matope. Nilikuwa nimeshuku duka, umeme, mafundi wenzangu, wachawi, mkono wangu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Ila huyu alikuwa amenila kwa mapenzi. Na lililonishtua zaidi ni kwamba hasira niliyoitafuta sikuipata. Nilijua kwa nini kaifunga. Ningezaliwa Newala ningeifunga pia.

Jioni mke wangu alikwenda jikoni kwa mama yake, akakaa huko. Aliporudi nikamuuliza amesemaje.

"Amenyamaza," akasema.

Kesho yake sikuondoka, wala hakuna aliyeniambia nibaki. Nikafungua gunia, nikafunga nozeli yangu ya mwisho, nikawasha kompresa iliyokwisha kutoa maji yake. Nikapiga goti, nikaingilia ukingoni mwa pleti. Tochi haikukohoa. Mkato ulipita laini, cheche zikiangukia chini zilipotakiwa, na nilipomaliza nikauacha upepo uipoze ncha kama nilivyofunzwa. Nikaichomoa nozeli nikaitazama. Tundu lilikuwa duara. Machozi yakanitoka, nami sioni haya kusema.

Nilipokuwa nimeishika hivyo, nikaona miguu ya mtu mbele yangu, na pindo la kanga ninayoijua. Mama mkwe alikuwa hajawahi kukanyaga karakana yangu. Nikashuka kuchuchumaa haraka hata goti likagonga chuma, macho chini, nikasema shikamoo mama. Nilingoja apite. Hakupita.

"Marahaba," akaitikia, na sauti ilikuwa imenielekea mimi. "Niliisikia inadondoka. Hapa kwangu koki haidondoki. Nikaikaza, bado nikaogopa, nikaifunga na mpira. Nilidhani nakutunzia."

Sikujua la kufanya na mikono yangu. Mke wangu alisimama mlangoni mwa jiko, amejishika mdomo.

"Na lile neno la kwamba urudi kwenu halikuwa la wakubwa. Lilikuwa langu. Nilisema huyu kijana anatafuna vyuma, atamtafuna na mwanangu." Miguu yake ikasogea hatua moja kwangu. "Nilikaa usiku natafuta nani nimtume aje kulirudisha. Sikumpata. Nimekuja mwenyewe. Nitazame."

"Mama..."

"Nitazame, mkwe. Nikuombe radhi nikiona uso."

Majirani walikuwa wamesimama njiani. Shingo ilikuwa nzito, kama si yangu. Nikainua uso polepole, kwanza kanga, kisha mikono iliyoshikana, kisha kidevu chenye chale za zamani, kisha nikafika. Miaka yote hiyo nimelala kwenye uwanja wake na kula chakula cha mkono wake, na nilikuwa sijawahi kuyaona macho ya mama mkwe. Yalikuwa macho ya binti yangu.